Mweusi tii kati ya madoadoa

Mwezi huu pekee wafugaji wa Barred Rock, kuku wenye mistari myeusi na myeupe, wamenitumia picha tano za vifaranga na swali ni lile lile: “Mkuu, mimi nafuga Barred Rock watupu, huyu mbona katoka mweusi tii, hana hata doa kichwani?” Namuuliza, yule jogoo mwekundu wa aina nyingine uliyekuwa naye, ulimtoa bandani lini? “Wiki moja kabla ya kuanza kuokota mayai.” Nacheka, nakasirika, kisha najikumbuka mwenyewe na kunyamaza. Haya, wadogo zangu, nayaandika yote mara moja.

1. Jogoo akiondoka, mbegu yake inabaki. Mtetea huitunza mwilini na kuendelea kutaga mayai yenye mbegu ya yule wa zamani kwa wiki mbili, hata tatu. Subiri wiki nne. Mayai ya hizo wiki nne kaanga, chemsha, gawa, ila usitotoleshe.

Mimi nilisubiri siku kumi. Nilikuwa na jogoo mwekundu wa aina ya Rhode Island Red niliyemlea tangu kifaranga, na mitetea yangu ya Barred Rock ilikuwa chini yake. Nikanunua jogoo safi wa Barred Rock kwa mfugaji mmoja mzee, mwekundu nikampeleka kwa jirani. Mashine ya kutotolesha ilikuwa mpya, imekaa mezani inanitazama. Mashine mpya isiyo na mayai hupigia kelele hata ikiwa imezimwa. Siku ya kumi nikaanza kuokota, nikajaza mayai 48, wakatoka 31.

Watano walikuwa weusi bila doa. Nikajiambia, si kifaranga wa Barred Rock huzaliwa mweusi? Ni kweli, lakini huja na doa jeupe utosini. Wiki ya nane hao watano hawakuwa na mstari hata mmoja, na wote walikuwa mitetea. Nikawagawa. Sikujiuliza kaka zao wako wapi.

Kaka zao walikuwa bandani, wana mistari kama wenzao. Mmoja alinichanganya akili: mweusi wa kukolea, mistari imekaa kama imechorwa kwa rula, kifua kipana, amewaacha wenzake kwa uzito. Shingoni alikuwa na manyoya matatu manne yenye rangi ya kutu. Niliyaona, wallahi niliyaona. Nikayang'oa. Wenzake walionekana wamepauka kama shati lililofuliwa mara mia, nikawachinja wote. Baba yao, yule jogoo safi, nikamuuza, maana sasa nilikuwa na mfalme.

Msimu uliofuata karibu nusu ya mitetea wakatoka weusi. Nikampigia simu yule mzee, na mbele ya watu nikamwambia kaniuzia chotara. Hakunijibu kwa hasira. Akauliza, “Katika hao weusi, majogoo wangapi?” Nikahesabu. Hakuna. Akauliza tena, “Na jogoo niliyekuuzia yuko wapi?”

Hapo ndipo nilipofundishwa nilichopaswa kujua kabla ya kununua hata trei moja. Jeni ya mistari husafiri kwenye kromosomu ya jinsia. Jogoo safi anazo mbili, ndiyo maana huonekana mweupe zaidi. Mtetea anayo moja tu, na huipata kwa baba yake; ndiyo maana amekolea, na baba asipokuwa nayo hutoka mweusi. Jogoo wa Barred Rock mwenye rangi iliyokolea kama dada zake, mtilie shaka. “Mfalme” wangu alikuwa mtoto wa yule mwekundu, ana jeni moja tu kutoka kwa mama, kwa hiyo nusu ya binti zake hawakuipata, na ule ukuaji wake wa haraka ulikuwa wa uchotara. Viwango vya Marekani vimemtambua Barred Rock tangu 1874, mimi kwa msimu mmoja nikawa nimechinja walio sahihi na kumtawaza asiye sahihi. Kuanza upya kulinichukua miaka miwili, na kumwomba radhi mzee kulikuwa kugumu kuliko hiyo miaka.

2. Jogoo mmoja kwa mitetea wanane hadi kumi, na uwe na jogoo wa akiba kwenye banda jingine.

3. Mayai ya kutotolesha yasizidi siku saba, ncha iliyochongoka ielekee chini, na usiyaoshe.

4. Mashine yenye feni, nyuzi 37.5 za Selsiasi. Siku ya 18 acha kugeuza mayai, ongeza unyevu, funga mashine. Funga! Najua unamsikia analia ndani ya yai. Najua limetoboka tangu asubuhi na sasa ni jioni. Kuna kijana alifungua mara sita “kuwasaidia”, utando ukakauka na kuwabana wengine waliokuwa bado wanahangaika. Toka chumbani, kafue nguo.

5. Bruda, yaani sehemu ya joto ya kulelea vifaranga, wiki ya kwanza iwe nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza kama nyuzi tatu kila wiki. Ila wasome vifaranga kuliko kipimajoto: wakirundikana chini ya taa ni baridi, wakikimbilia pembeni wakihema ni joto. Na chakula cha kuku wanaotaga usiwape wadogo, ile kalsiamu huwaharibu figo.

6. Hawa si broila. Wanachelewa, ndivyo walivyo. Ukichagua mzazi wiki ya nane unachagua mwenye haraka tu. Ngoja miezi mitano au sita, mshike mkononi, pima upana wa nyonga na kifua, na umjue mama yake alitaga vipi. Jogoo hatagi, lakini anabeba utagaji wa mama yake, na kuku wa nyama na mayai aliyepoteza mayai ni broila mvivu.

7. Pete za miguuni na daftari. Kila yai liandikwe kwa penseli limetoka banda gani. Ningekuwa na penseli ile siku ya kumi, ningekuwa na mambo mengine ya kusimulia.

Mmoja wa wale mitetea weusi wa msimu wa pili ninaye hadi leo. Ana pete nyekundu, haruhusiwi kwenye banda la wazazi, na kila akipata upenyo anaruka ukuta kumfuata jogoo. Daftari linasema ndiye anayetaga kuliko wote.