Tope jeusi la Masinga latoka wapi?

SWALI: Mimi ni mvuvi wa bwawa la Masinga. Nikichomeka upondo topeni, viputo vinapanda na harufu ya mayai viza. Tope hilo ni nini, na mbona linazidi?

JIBU: Ndugu yangu, niliwahi kuzamisha bomba la plastiki kwenye tope la bwawa, nikalipasua kwa urefu. Juu lilikuwa laini, jeusi kama masizi. Chini limeshikana, tabaka juu ya tabaka. Katikati palikuwa na kipande cha jani la mhindi, mishipa yake bado inaonekana.

Jani lile lilitoka shambani kwa mtu. Tangu Masinga ikamilike mwaka 1981, kila mvua Mto Tana hushusha udongo wa milimani pamoja na mboji yake, yaani kaboni ya mimea. Maji yakipunguza mwendo, mchanga hutua mapema. Udongo laini wa mfinyanzi, ulioshikamana na kaboni, husafiri hadi karibu na ukuta. Mwani ulionawiri kwa mbolea nao hufa, ukazama. Kule chini oksijeni ni haba, uozo ni wa polepole, na tope jipya hufunika la zamani kabla halijaoza likaisha. Inaniuma: ile ni rutuba ya mkulima.

Viputo vyako vingi ni methani, gesi yenye kaboni itokayo kwenye uozo huo, nayo huongeza joto duniani. Harufu ni ya gesi nyingine ya uozo, haidrojeni salfaidi. Kwa hiyo bwawa huzika kaboni na pia huitoa. Ukame ukianika kingo, tope likapasuka, hewa huingia na uozo hushika kasi.