Meli ya kandambili: maswali ya wazazi wa Kigoma

Wiki hii barua zote ni za watoto wanaochora, wanaokata, wanaounda, na wazazi wasiojua kama wafurahi au wakasirike. Nimezifupisha.

Mwanangu ana miaka 6. Boksi lolote likiingia ndani analikata, sebule yote takataka. Nikimpa simu anatulia. Nifanyeje? (Mama, Mwanga)

Simu inamtuliza kweli, na siku una wageni mpe tu. Lakini hapo unayepumzika ni wewe. Mtengee pembe barazani: mkeka mkuukuu, maboksi, vifuniko vya soda, mabaki ya vitambaa ya fundi cherehani, mkasi wa ncha butu. Gundi usinunue. Koroga unga wa muhogo na maji, bandika jikoni mpaka uwe uji mzito. Karatasi inashika vizuri. Sheria iwe moja: kabla ya chakula cha jioni mkeka unakunjwa, na anaukunja mwenyewe.

Kijana wangu wa miaka 9 anashinda akiunda meli kwa kandambili mbovu na maboya ya nyavu. Darasani hesabu anavuta mkia. Nimechoma meli mbili, hasikii. (Baba, Ujiji)

Kaka, ya tatu usiichome. Mtoto anayechonga soli mpaka ielee bila kulala upande anapiga hesabu, ila hakuna aliyemwambia kwamba ni hesabu. Weka karai la maji uani, kaa naye robo saa. Muulize meli yake inabeba kokoto ngapi kabla haijazama. Akiipanua kwa vidole viwili, zitaongezeka ngapi? Akisie kwanza, ndipo apakie, aandike kwenye daftari. Kisha mpe kipande cha bati jembamba: kikikunjwa kuwa donge kinazama, kikiinuliwa kingo kama sahani kinaelea, kwa sababu sasa kinasukuma maji mengi zaidi. Akifika sekondari ataambiwa hiyo ni kanuni ya Archimedes, naye atakuwa ameshaiona uani kwenu.

Msimulie pia habari za Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, ikapanda reli kuja kuunganishwa upya hapa Kigoma. Mwaka 1915 ikashushwa majini. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina hilo tunalolijua. Baada ya hapo mwambie achore meli yake, aifungue, mdogo wake aiunganishe kwa kufuata mchoro. Wakikwama, wanyamazie.

Ila iwe ni kwenye karai. Ziwa letu lina kina cha mita zaidi ya 1,400 na sehemu nyingi ukiacha ukingo tu linashuka ghafla. Mtoto asiende kujaribu meli peke yake.

Wangu anaiga tu kila anachofanya kaka yake. Huyo naye ni mbunifu? (Dada, Gungu)

Mwache aige. Hapo kwenye hifadhi ya Gombe, mwaka 1960, mtafiti Jane Goodall aliona sokwe akichomeka jani la nyasi kwenye kichuguu, akilitoa limejaa mchwa, akila. Watoto wa sokwe hujifunza kazi hiyo kwa kukaa karibu na mama na kutazama, tena kwa muda mrefu, wakijaribu na vijiti vifupi visivyofaa kitu. Watafiti walikuja kuona kwamba majike huiweza mapema kuliko madume, maana hutazama mama zao wakati madume yanacheza. Wako naye atazame. Siku akitumia waya mnene kuliko wa kaka yake, muulize kwa nini.

Binti yangu wa miaka 10 hana analolipenda. Kaka zake wanaunda magari ya waya, yeye yupo tu. Au hana kipaji? (Mama, Kibirizi)

Mama, barua yako ndefu imejibu swali lako fupi. Umeandika kwamba akitoka shule anachota maji, anaosha vyombo, anageuza dagaa juani, halafu anabeba mtoto mpaka magharibi. Muda huo wote kaka zake wako na waya. Nakuuliza kwa heshima, saa yake ya kucheza ni ipi?

Wako watakaokwambia kupika nako ni ubunifu. Ni kweli, kwa aliyechagua kupika. Wavulana waoshe vyombo, watajifunza, na mtoto abebwe kwa zamu. Wiki za kwanza huenda binti akakaa tu bila kufanya chochote. Usimwite mvivu wala usimtafutie kazi.

Amechora mbuzi mwenye miguu sita. Nimsahihishe? (Baba, Tabora mjini)

Hapana. Muulize anakimbilia wapi.

Wajukuu wanataka hadithi ileile ya sungura kila usiku. Nimeichoka. (Bibi, Kasulu)

Shikamoo bibi. Wape hiyohiyo, ila ikifika katikati kosea makusudi: mweke fisi mahali pa sungura. Watapiga kelele. Waambie basi wao waimalizie na huyo fisi, wewe sikiliza. Usiku mwingine wakutegee vitendawili, lakini viwe walivyotunga wenyewe, hata vikiwa havina kichwa wala miguu. Ukishindwa, wape mji.