Kuzima kelele ni kwa masikio yako, si ya mteja

SWALI: Habari fundi. Napokea simu za wateja nikiwa nyumbani, Umoja, kwa laptopu. Nilinunua hedseti ya Bluetooth pale Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, na boksi limeandikwa kwamba inazima kelele. Kweli, nikiivaa matatu nazisikia kwa mbali tu. Lakini wateja wanalalamika kuwa wanasikia honi na makanga, na sauti yangu iko mbali. Isitoshe, mteja akitaja herufi F mimi naandika S. Muuzaji anataka niongeze pesa anipe kubwa zaidi, au aniwekee programu ya kuongeza nguvu. Nifanyeje?

JIBU: Dada, usimwongeze hata shilingi. Hedseti yako ni nzima, ila uliuziwa kwa maelezo ya uongo.

Katika kazi hii hakuna kinachonikera kama hayo maneno “inazima kelele”. Karibu kila anayeniletea lalamiko la simu ameyanunua. Teknolojia yenyewe ni ya kweli: vimaikrofoni vilivyo kwenye vikombe vya masikio husikiliza kelele ya nje, kisha hedseti hutoa mawimbi yaliyo kinyume chake ili yafutane kabla hayajafika sikioni. Sikioni mwa nani? Mwako. Amar Bose, mwanzilishi wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Bose, alipata wazo la hedseti yake ya aina hiyo mwaka 1978 akiwa ndani ya ndege, akijaribu kusikiliza muziki katikati ya ngurumo za injini. Hedseti ya marubani ya kampuni yake ilipotoka mwaka 1989, ilikuwa ya kuyapumzisha masikio ya rubani. Ni sawa na miwani ya jua: ukiivaa wewe, mwenzako bado anachomwa macho. Tena inafaa zaidi kwa mngurumo wa mfululizo kama wa jenereta. Honi ya ghafla au makanga anayeita abiria hupenya.

Anachosikia mteja kinaamuliwa na maikrofoni, nayo kwenye hedseti kama hizo mara nyingi imefichwa kwenye kikombe cha sikio, mbali na mdomo. Umbali ukiongezeka maradufu, sauti yako hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Honi ya barabarani haipungui, kwa hiyo kifaa kikijitahidi kukupandisha wewe, kinaipandisha na honi.

Hiyo F inayogeuka S ni kesi nyingine, na hapa mkosaji ni Bluetooth. Ukisikiliza muziki, sauti hupita ikiwa pana. Maikrofoni ikifunguliwa tu, hedseti nyingi huhamia hali ya simu, ambapo sauti hupimwa mara 8,000 kwa sekunde kwenye vifaa vya zamani, au 16,000 kwenye vipya zaidi, badala ya 44,100 za muziki wa CD. Kwa 8,000, chochote kilicho juu ya nusu yake, yaani hezi 4,000 (mitetemo 4,000 kwa sekunde), hukatwa, na sehemu kubwa ya kinachotenganisha F na S iko huko juu. Sikio lako halina kosa.

Tafuta hedseti ya waya wa USB yenye mkono unaoleta maikrofoni karibu na mdomo. Iweke pembeni mwa midomo, umbali wa vidole viwili, isiwe mbele kabisa ambapo pumzi inaipiga. Ukipewa ya pini ya duara, hesabu pete nyeusi kwenye pini: tatu maana yake inabeba maikrofoni, mbili ni ya kusikiliza tu. Kisha ingia kwenye programu ya simu uchague maikrofoni hiyo. Igonge kwa ukucha ukitazama kipimo cha sauti kwenye skrini. Kisiporuka, mteja anasikilizishwa maikrofoni ya laptopu, na hata ungenunua hedseti ya bei gani usingepata nafuu. Hiyo ya Bluetooth baki nayo kwa muziki.

Sasa hiyo programu ya “kuongeza nguvu”. Nawaambia wote mnaofanya kazi za simu nyumbani: mtu yeyote asiwauzie kitu hicho. Sauti iliyokatwa njiani hairudishwi na programu ya kupandisha, mtapandishiwa kelele. Kibaya zaidi, mtapandishiwa masikioni. Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kuwa salama kwa saa 40 kwa wiki, yaani wiki nzima ya kazi. Zikifika 90, muda huo unashuka hadi saa 4 kwa wiki. Anayepandisha sauti ili ashindane na barabara anazimaliza kabla Jumatatu haijaisha. Ukimaliza zamu masikio yanalia, punguza sauti, na yakiendelea kulia nenda kwa daktari wa masikio. Achana na wauza matone na mafuta ya kuzibua. Sikio lililoumizwa na sauti halina cha kuzibuliwa.

Na mnapokwenda kununua, msibishane na muuzaji kuhusu maandishi ya boksi. Chomeka hedseti kwenye laptopu yako, simama mlangoni mwa duka, jirekodi ukitaja namba ya simu na herufi F na S, kisha jisikilize kabla ya kulipa. Kelele za Luthuli zinatosha kwa jaribio hilo. Muuzaji akikataa usijaribu, nenda duka linalofuata.