Fyuzi hulinda nini?

SWALI: Ninasanifu mfumo wa nyaya za gari la volti 12. Pampu ya mafuta iliyo nyuma, inayotumia ampea 10 kupitia waya wa shaba wa mita 5 wenye milimita 1.5 za mraba, huzunguka kwa unyonge ingawa betri ni nzima. Je, niweke fyuzi kubwa zaidi?

JIBU: La, hasha. Fyuzi huwekwa kuulinda waya, wala si pampu. Ukiizidisha, siku waya utakapogusa bodi ya gari, ngozi yake itayeyuka kabla fyuzi haijakatika. Shaba ya urefu na unene huo ina ukinzani wa takriban omu 0.058, hivyo karibu volti 0.6 hupotea njiani, ilhali waya wa milimita 2.5 za mraba ungepoteza volti 0.35 tu. Hata hivyo, kabla ya kubadilisha chochote, pima volti zinazopotea upande wa hasi, ambao wengi wetu huusahau: legeza skrubu ya ethi, yaani ile inayofunga waya wa hasi kwenye bodi ya gari, na ukikuta rangi au kutu chini ya kichwa cha waya, kwangua hadi chuma king'ae. Upimaji wenyewe ufanyike pampu ikizunguka, kwani waya usiopitisha mkondo haupotezi volti yoyote.