Kivimbe kati ya jicho na pua: kwa nini matone hayamalizi, na kwa nini upasuaji wa mtoto wa jicho unasubirishwa

Mkuu mleta uzi, nimekusoma. Mama ana miaka 58, jicho la kushoto linamtiririka machozi muda mrefu, mmekuwa mkimnunulia matone, sasa ana kivimbe kwenye kona ya jicho karibu na pua. Alipokwenda kupasuliwa mtoto wa jicho wakamrudisha, wakisema kivimbe kishughulikiwe kwanza. Unauliza kama wanamzungusha ili alipe mara mbili.

Mimi ni muuguzi wa macho. Nimekaa wilayani, baadaye hospitali ya rufaa, na wagonjwa kama mama yako nimewahudumia wengi, zaidi akina mama wa umri huohuo, maana ugonjwa huu unawapata wanawake kuliko wanaume. Hawamzungushi. Waliomrudisha wamemlinda.

Machozi yanatengenezwa na tezi iliyo juu ya jicho, upande wa nje. Yakishalilowanisha jicho yanaingia kwenye vitundu viwili vidogo kwenye kingo za kope, kona ya ndani. Vuta kope ya chini mbele ya kioo, utakiona kimoja. Kutoka hapo yanafika kwenye kifuko kilicholala ubavuni mwa mfupa wa pua, kisha yanashuka kwa mfereji hadi ndani ya pua. Ndiyo sababu mtu akilia anapenga kamasi. Mfereji ukiziba chini ya kifuko, machozi yanalala mle, bakteria wanazaliana, yanageuka ute, kisha usaha. Ni sinki iliyoziba: mwaga dawa juu yake kila siku, maji yatasimama palepale. Matone yanapunguza matongotongo kwa siku kadhaa, unayaacha, yanarudi.

Sasa unganisha na mtoto wa jicho. Usaha ule haukai kifukoni tu, unarudi juu ya jicho. Kumtoa mtoto wa jicho ni kulifungua jicho lenyewe, na bakteria wakipenya ndani wanaweza kumaliza uwezo wa kuona kwa siku chache tu. Kliniki yoyote inayojiheshimu inakibonyeza kifuko kabla ya kumwandika mgonjwa kwenye orodha ya upasuaji. Kwenye kambi za macho, foleni ikiwa ndefu, ndipo watu wanapotaka kukiruka kipimo hiki, na ndipo kinapohitajika zaidi.

Kipimo chenyewe hakina mashine. Unabonyeza taratibu kwa kidole safi kati ya kona ya jicho na pua, macho yako yakiwa kwenye vile vitundu. Ukiona ute au usaha unapanda, umeshapata karibu jibu lote. Kisha tunasafisha mfereji: matone ya ganzi, sindano butu isiyochoma, maji ya chumvi ya hospitali kupitia kitundu cha chini. Tunauliza, "Mama, umeisikia chumvi kooni?" Ikifika kooni, njia ipo. Maji yakirudi kupitia kitundu cha juu pamoja na ute, kizibo kiko chini ya kifuko. Mimi nilikuwa naangalia zaidi kitundu cha juu, kwa sababu wazee wetu wana adabu: unamuuliza kama kaisikia chumvi, anaitikia "ndiyo mwanangu" ili akupe raha tu.

Kivimbe kikiwa chekundu, cha moto, kinauma, hapo hakibonyezwi na mfereji hausafishwi. Kwanza antibayotiki za kumeza alizoandika daktari, na kitambaa cha uvuguvugu. Likiwa jipu limeiva, litumbuliwe na mtaalamu. Msije mkampeleka kwa mtu wa wembe. Nimeona waliotumbuliwa mtaani wakabaki na kitundu shavuni kisichofunga, machozi yanavujia hapo.

Na yule mdau aliyeshauri matone yenye deksamethasoni "kwa sababu yanakausha haraka": tafadhali. Hiyo ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu, haiui bakteria. Inaondoa wekundu ukadhani umepona, mfereji umeziba vilevile, na ukiitumia miezi bila kupimwa inaweza kukuletea presha ya macho na mtoto wa jicho mwingine.

Tiba inayomaliza ni upasuaji, wenyewe wanauita DCR. Haukuanza jana. Mtaliano Addeo Toti aliueleza mwaka 1904, na wazo halijabadilika: daktari anatoa kipande kidogo cha mfupa kati ya kifuko na pua, anafungua njia mpya, machozi yanakwepa ule mfereji uliokufa. Wengine wanakata ngozi kidogo ubavuni mwa pua, wengine wanapitia ndani ya pua kwa kamera, kovu halionekani. Unafanywa kwa ganzi au nusu kaputi. Mara nyingine wanaacha mrija mwembamba wa silikoni kwa wiki au miezi. Mama asiogope akiuona konani. Kwa mikono iliyozoea, takriban 9 kati ya 10 wanapona. Baada ya hapo asipenge kamasi kwa nguvu, na damu kidogo puani siku za mwanzo isimtishe. Ikichuruzika isikate, arudi hospitali.

Ila si kila uvimbe wa hapo ni kifuko. Kifuko kinavimba chini kidogo ya usawa wa kona ya jicho. Kama uvimbe umepanda juu ya usawa huo, ni mgumu, hausogei, au machozi yana damu, mwambie daktari wazi. Hapo inatafutwa saratani, na kipimo cha CT kinatangulia kisu. Uvimbe wa kope ya juu upande wa nje ni habari ya tezi ya machozi. Jicho linalosukumwa mbele, kwa mtu mzima mara nyingi chanzo ni ugonjwa wa tezi ya shingo, na sigara inauzidisha.

Kuna hali moja ambayo hamsubiri hata asubuhi: homa, kope zimevimba, jicho limetokeza, linauma likisogea au haligeuki, kuona kumefifia. Hayo ni maambukizi ndani ya tundu la jicho, mara nyingi yametoka kwenye sainasi (mashimo ya hewa ndani ya mifupa kandokando ya pua), na watoto ndio wahanga wakubwa. Yanaweza kufika kwenye ubongo. Analazwa, anapewa antibayotiki za mshipa. Kope ikivimba lakini jicho ni jeupe, linageuka kote na linaona vizuri, hali si ya kutisha hivyo, ila bado aonwe siku hiyohiyo.

Dada uliyeuliza kuhusu kichanga wa miezi minne, wako ni tofauti. Wengi wanazaliwa na utando mwishoni mwa mfereji, na kwa takriban 9 kati ya 10 unafunguka wenyewe kabla ya mwaka. Nawa mikono, kata kucha, weka kidole kwenye kona ya jicho na ukandamize ukishuka kando ya pua, mara kadhaa kwa siku. Maziwa ya mama yabaki kwa kunywa, usiyatie jichoni. Akifika mwaka bado linachuruzika, daktari atauzibua mfereji kwa kijiti maalumu. Lakini ukiona mboni inang'aa nyeupe, au jicho linatokeza, usisubiri mwaka.

Mkuu, kwa mama: si kila hospitali ya mkoa ina daktari anayefanya DCR, kwa hiyo pigeni simu kwanza mwulize, kabla ya kulipa nauli. Hospitali za Muhimbili (Dar es Salaam), KCMC (Moshi) na Bugando (Mwanza) zina mabingwa wa macho. Nendeni na dawa zake zote kwenye mfuko. Kama anakunywa aspirini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu, aseme mapema, maana pua inatoka damu nyingi, na asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe. Tarehe ya mtoto wa jicho ataipata kwa daktari baada ya DCR, njia mpya ikisafishwa na maji yakafika kooni.