Hedseti Moja kwa Konsoli na Kompyuta: Kwanza Tazama Inachomekwa Wapi

Hedseti yangu ya kwanza isiyo na waya niliipenda kwa kuiona tu: mito laini, besi ya kutetemesha, na taa mbili pembeni ambazo mvaaji mwenyewe hazioni. Kwenye kompyuta ilikuwa raha tupu. Jioni nikachomoa kile kidude chake cha USB, yaani kipokezi, nikakichomeka kwenye Xbox, konsoli yangu ya kuchezea gemu, nikavaa, nikasubiri. Kimya. Nikazima, nikawasha, nikahamishia tundu jingine. Kimya vilevile. Nikajua imekufa, kumbe nzima kabisa. Mimi ndiye sikusoma yale maandishi madogo ubavuni mwa boksi.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue hedseti gani, nami humuuliza ana konsoli gani. Mwenye PS5 (PlayStation 5) na kompyuta ana bahati, kwa sababu hedseti nyingi za USB, ziwe za waya au zenye kipokezi cha redio ya 2.4 GHz, hukubali pande zote mbili. Xbox ina masharti. Inatumia redio yake yenyewe, na hedseti isiyo na waya sharti iwe imetengenezwa kwa ajili yake, la sivyo hata ukichomeka kipokezi haitambui kitu. Kwa hiyo ukiwa na Xbox, tafuta iliyoandikwa Xbox, kisha uhakikishe kuwa na kompyuta nayo imetajwa. Baadhi zina kiswichi kidogo kwenye kipokezi, upande mmoja Xbox, upande wa pili PC. Kumbuka kukisogeza kila unapohama.

Neno Bluetooth nalo lisikupe moyo haraka. Si PS5 wala Xbox Series zinazounganishwa na hedseti ya Bluetooth moja kwa moja. Nintendo Switch ilianza kuiruhusu Septemba 2021, lakini kwa kusikiliza tu, maiki yake haifanyi kazi. Kompyuta inapokea, sawa, ila kuna jambo ambalo wengi hulijua wameshalipa: kwa Bluetooth ya kawaida, ukisikiliza tu sauti ni safi, lakini maiki ikianza kutumika hedseti inahamia mtindo wa kupigia simu. Mlipuko uliokuwa umejaa masikio mawili unakuwa kama unatoka kwenye redio ya mkulima. Juu ya hapo kuna kuchelewa. Unafyatua, unaona moto kwenye mtutu, halafu ndipo sauti inafika. Kwenye filamu hutagundua sana maana programu hujirekebisha, ila gemu haiwezi kukusubiri.

Sasa nije kwenye njia ambayo watu huidharau: pini ya milimita 3.5. Pedi, yaani kile unachoshika mkononi kuchezea, ya PS4, ya PS5 na ya Xbox Series zote zina tundu lake, na laptopu nyingi pia. Hakuna kuchaji, hakuna kuunganisha, hakuna kuuliza ya kampuni gani. Ila itazame pini yenyewe kwa karibu. Ikiwa na mikanda miwili myeusi, ni ya kusikiliza tu. Ikiwa na mitatu, ndani yake kuna njia ya maiki pia, na hiyo ndiyo unayoitaka.

Kompyuta za mezani mara nyingi zina matundu mawili, la kijani kwa sauti na la waridi kwa maiki, kwa hiyo utahitaji kile kiwaya cha umbo la Y. Hapa napo niliwahi kujikwaa. Nilinunua kinachofanana nacho, nikarudi nacho nyumbani, kumbe ni kile cha watu wawili kusikiliza muziki kwa pamoja! Kinachotakiwa kina tundu moja na pini mbili, si pini moja na matundu mawili. Na ukisikia mvumo kwenye tundu la mbele la kompyuta, hasa gemu nzito ikianza, usiilaumu hedseti kwanza. Jaribu tundu la nyuma, au kadi ndogo ya sauti ya USB.

Kuhusu ile "7.1" inayoandikwa kwa herufi kubwa, yaani ahadi ya sauti inayokuzunguka pande zote, sihangaiki nayo. Kwa kawaida ni spika mbili zilezile, moja kila sikio, na programu inayochezea sauti ili ubongo udhani adui yuko nyuma. PS5 inafanya kazi hiyo yenyewe kwa hedseti yoyote, na kwenye Xbox na Windows kuna Windows Sonic ya bure. Kosa ni kuwasha mbili kwa pamoja. Mimi niliwasha ya hedseti na ya kompyuta, nikawa nasikia hatua za miguu kama mtu anatembea ndani ya pipa, nisijue yuko juu au kushoto. Nilipozima moja mambo yakakaa sawa.

Maiki usiiamini kwa maelezo ya boksi. Jirekodi dakika moja huku feni inazunguka na vidole vinagonga kibodi, kisha jisikilize. Pia angalia kama hedseti inakurudishia sauti yako kidogo masikioni. Isipofanya hivyo, utajikuta unapiga kelele usiku wa manane na nyumba nzima inakusikia.

Unavaa miwani? Ivae na hedseti kwa nusu saa, si dakika mbili. Inayobana hujitambulisha polepole, hapo juu ya sikio ambapo mkono wa miwani unapita.

Leo natumia hedseti ya waya, yenye pini ya mikanda mitatu na maiki inayochomoka. Kwenye konsoli naichomeka kwenye pedi, kwenye kompyuta inapitia kile kiwaya cha Y, ambacho nimekifunga kwa mpira nyuma ya meza kisipotee. Lawama yangu ni moja tu: nikisimama ghafla kwenda kunywa maji, pedi inanifuata.