"Hu" wa Kichina tuwaite washenzi?

Swali: Mwalimu, natafsiri makala ya historia ya Chang'an, mji mkuu wa China enzi za ukoo wa kifalme wa Tang, humo neno "hu" limejaa kila mahali, watu wa hu, nguo za hu, ngoma ya hu. Kamusi niliyonayo inanipa "washenzi". Niandike hivyo?

Jibu: Hapana ndugu yangu, uache huko huko kwenye kamusi. Mshenzi kwetu ni tusi, sasa utaandikaje mabibi wa Chang'an walipenda "nguo za kishenzi" wakati mwenye makala anaeleza fasheni? Manake ndo ilivyokuwa, karne ya 7 na ya 8 wanawake wa pale walivaa koti la mikono ya kubana na kupanda farasi, na ngoma ya kuzunguka kama pia ikawa habari ya mjini. Hu wa wakati huo hasa ni Wasogdia, wafanyabiashara wa Samarkand, Asia ya Kati, na jirani zake, pamoja na Waajemi (enzi za Han, ukoo uliotawala China karne nyingi kabla ya Tang, neno hilo lilikuwa zaidi la Waxiongnu wa kaskazini, kwa hiyo angalia makala inazungumzia lini). Dharau ilikuwemo, sikatai, hasa baada ya An Lushan, jenerali wa Tang mwenye asili ya Kisogdia na Kituruki, kuasi mwaka 755, hapo watu wakaanza kulaumu hata ngoma.

Kwa watu andika Wahu, mara ya kwanza ueleze ni nani. "Watu wa magharibi" usithubutu, hata kama walitoka magharibi ya China, msomaji atadhani Wazungu.

Kwa vitu sasa, hapo ndo patamu, sababu sisi tuna "hu" yetu: manga. Manga ni Uarabuni, Oman hasa, na tunasema pilipili manga, kungumanga, komamanga, wakati pilipili yenyewe kwao ni India, ila tukaipa jina la aliyetuletea. Wachina nao pilipili hiyo hiyo wanaiita hujiao, pilipili ya hu, yaleyale! Basi we andika pilipili manga tu (waziri Yuan Zai alipouawa mwaka 777 walikuta kaficha shi 800 za hiyo, shi ni kipimo chao, kwa hiyo ni shehena sio mchezo). Hugua ni tango, wenyewe siku hizi wanasema huanggua, "hu" wameshaitoa. Na hubing usihangaike nayo, mkate wa ufuta, Wazanzibari watakuelewa kabla hujamaliza sentensi.